Kizingiti cha Mfupa

Mama aliuliza kama mvua inanyesha Masama.

Hapakuwa na mvua. Ilikuwa jioni ya mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, na mimi nilikuwa nimeegemeza simu kwenye sufuria mezani, nampigia gitaa. Yeye alikuwa Dar es Salaam kwa dada yangu mkubwa. Alihamia huko miguu ilipoanza kumsumbua. Nilipiga wimbo wa baba mwanzo hadi mwisho, kisha nikanyamaza nisikie atasema nini.

"Naona kuna mvua huko," alisema. "Naisikia inavyopiga kwenye bati."

"Hapana mama. Ni gitaa."

"Eeh?"

"Gitaa."

"Paza sauti mwanangu, sikusikii."

Dada akachukua simu. "Masikio ya mama yamepungua sana, mdogo wangu. Na wewe unaongea kama mtu aliyejificha kabatini. Nimwambie nini?"

Nikasema amwambie alale salama. Simu ikakatika. Nikabaki na gitaa mapajani na ukungu mlangoni.

Maneno hayo ya kupaza sauti nimeyasikia tangu nikiwa mdogo. Mwalimu aliyasema mpaka nilipomaliza darasa la saba. Mwalimu wa kwaya aliyasema mpaka akachoka, akaniweka mstari wa nyuma karibu na dirisha, ambako ningeweza kufumbua na kufumba mdomo bila kumdhuru mtu. Sina ugonjwa wowote. Sauti yangu inatoka hivyo tu, na watu wakinigeukia wote kwa pamoja inapungua zaidi.

Mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa kwetu, na kwa desturi yetu wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba chake, lile shamba la ukoo linaloizunguka nyumba. Wengine wanakwenda. Dada yuko Dar. Kaka yuko Dar pia, na amejenga nyumba yake nzuri hapa hapa kihambani, nyuma ya migomba, yenye vigae na geti jeusi. Analala humo siku chache za Desemba. Siku nyingine zote ufunguo ninao mimi. Nafungua madirisha hewa ipite, nafagia popo walichoangusha barazani, nafunga. Majirani wengi ni hivyo hivyo. Ukitembea njia ya kwenda kanisani mwezi wa saba unapita geti baada ya geti, zote zimefungwa, na mbwa wanakubwekea kwa kukosa kazi nyingine.

Gitaa lilikuwa la baba. Alikuwa mpagazi wa mlimani, na mgeni mmoja aliyeshuka akiwa mgonjwa alimwachia ili asipate taabu ya kulibeba. Baba hakufundishwa na mtu. Alitafuta nyimbo kwa kidole mpaka zikapatikana. Ule alioupenda ulikuwa wa upande wa mama: wasichana wa kwao, ng'ambo ya korongo, waliuimba siku walipomsindikiza mama kuja kuolewa. Baba aliupiga jioni jikoni, mama akikoroga chungu, na mimi nimekaa kwenye kuni. Hakuna aliyenifundisha mimi pia. Baba alipofariki nililitoa gitaa kwenye msumari wake nikakuta vidole vyangu vinaujua wimbo.

Mwaka ule kaka alikuwa ametangaza kwenye kundi letu la simu kwamba Desemba tungefanya ibada ya shukrani nyumbani, kumkumbuka baba. Kutakuwa na turubai, mchungaji, kwaya, na mziki wa kukodi. Baada ya simu ile ya mvua niliandika kwenye kundi, polepole, nikafuta, nikaandika tena: nitapiga wimbo wa baba. Kaka alijibu kwa vikaragosi vinavyocheka, kisha akaandika, "Wewe? Nani atakusikia?"

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anauliza jambo la kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa sifikirii watu wa turubai, nilikuwa nafikiria mama. Masikio yake yalikuwa yanakwenda, na Desemba nyingine ingeweza kumkuta hasikii kitu kabisa. Nilitaka ausikie wimbo ule mara moja, ajue kwamba upo, na kwamba aliyebaki nao ni mimi.

Nikauza ndizi, nikashuka Moshi mjini.

Duka lilikuwa kwenye mtaa wa maduka ya zamani, yale yenye baraza na nguzo. Mwenyewe alikuwa mama wa Kihindi, mzee, aliyezaliwa Moshi na kuzeekea Moshi. Nyuma yake zilining'inia tarumbeta, ngoma za skauti na nyaya za kila aina.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unaongea na mimi au na meza?"

Nikainua macho. Nikamweleza kwamba nina gitaa la mbao, la kawaida, na nataka lisikike kwenye spika.

"Weka maiki mbele yake."

"Kanisani tulijaribu. Inapiga mluzi."

"Kwa sababu unapiga taratibu, na wao wanafungulia sana." Alinitazama vizuri. "Ndiyo, wewe utakuwa unapiga taratibu."

Akatoa kikasha kidogo. Ndani mlikuwa na utepe mwembamba kama kamba ya kiatu, rangi ya shaba, uliounganishwa na waya na tundu la chuma la kuchomekea. Wapigaji wanakiita pikapu. Akauweka utepe ule juu ya kioo cha meza, akachomeka waya kwenye spika, akainama akauambia, "Haloo, haloo." Kimya. Kisha akaugusa kwa ncha ya kidole, na spika ikanguruma mpaka nikaruka.

"Umeona? Hiki hakisikii hewa. Kinasikia kubanwa. Kinakaa chini ya pale nyuzi zinapolalia. Nyuzi zinakibana, kinaongea."

Pale nyuzi zinapolalia pana kipande chembamba cheupe, kirefu kama kidole, kimesimama ndani ya mfereji kwenye daraja la gitaa. Sijui wengine wanakiitaje. Mimi nakiita kizingiti, kwa sababu kila uzi unakikanyaga kabla ya kuingia ndani. Yule mama alinieleza kwamba nitang'oa kizingiti, nitalaza utepe chini yake, kisha nitakirudisha. Kwa kuwa utepe utakiinua, nitakisugua upande wa chini kipungue.

"Na ukisugue sawasawa," alisema, akipitisha kiganja juu ya kioo cha meza. "Msasa juu ya kioo, siyo juu ya ubao. Kikiwa na mlima hata kidogo tu, uzi mmoja utapiga kelele na mwenzake atanyamaza."

"Hakuna fundi wa kunifungia?"

"Alikuwepo. Amehamia Dar." Akanifungia kile kikasha kwenye gazeti. "Wote wamehamia Dar. Fanya mwenyewe. Mikono yako imetulia, nimeiona."

Nilikaa na kikasha kile siku kadhaa bila kukifungua. Kilichonitisha kilikuwa tundu. Ile karatasi ya maelezo ilikuwa na Kiingereza na Kichina, lakini picha nilizielewa: lazima utoboe kitundu kidogo ndani ya mfereji wa kizingiti, waya upite kwenda tumboni, na lazima upanue lile tundu la kitakoni ambako kishikizo cha mkanda kinakaa, mpaka liingie dole gumba, ili kile chuma cha kuchomekea kikae hapo. Ni mbao nyembamba. Ikipasuka imepasuka. Na pale juu, kando ya tundu kubwa la sauti, rangi ilikuwa imekwisha mahali pa vidole vya baba.

Niliazima keekee kwa seremala wa chini ya kanisa. Aliuliza natoboa nini. Nikasema gitaa. Akasema, "Wenzio wanatoboa mlango," akanipa.

Nilifanya kazi mezani, sebuleni kwa baba, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Nililegeza nyuzi, nikazitoa. Gitaa lisilo na nyuzi linaonekana kama mtu aliyevua miwani. Nikalibana katikati ya magoti, nikaweka keekee kitakoni, nikazungusha. Mbao ikalia. Nikasimama, nikatazama, nikazungusha tena. Unga ulipoanza kutoka ulileta harufu niliyokuwa nimeisahau, ya moshi wa jikoni kwa mama. Gitaa lile liliishi kwenye msumari ukutani mwa jiko la nje miaka yote baba alipokuwa hai, na moshi ulikuwa umeingia ndani ya mbao yenyewe. Nikaacha kuzungusha. Nikakaa tu pale nanusa vumbi mkononi.

Halikupasuka.

Kwa ajili ya kioo nilishusha picha ya ukutani. Ni picha kubwa yenye fremu: baba, mama, kaka na dada wakiwa wadogo, wamevaa nguo za kanisani. Mimi nilikuwa bado kuzaliwa. Niliilaza mezani, nikaweka msasa juu ya kioo chake, nikaanza kusugua kizingiti, kwenda na kurudi. Unga mweupe ulienea juu ya nyuso zao. Kila mara nilisimama nikapima, nikakikalisha mferejini, nikavuta uzi mmoja. Nyuzi zilikuwa bado juu mno. Zilikuwa juu hata kabla ya pikapu, na kwa miezi ile yote vidole vilikuwa vinaniuma kuzikandamiza. Nikaona sasa ndiyo nafasi ya kurekebisha. Nikasugua zaidi ya ile picha ya karatasi ilivyosema, mpaka nyuzi zikalala chini laini, kama baba alivyokuwa nazo. Nikajisifu kimoyomoyo.

Sikujiuliza kwa nini zilikuwa zimepanda.

Spika sikuwa nayo. Ila kaka alikuwa na sabufa sebuleni kwake, na ufunguo nilikuwa nao. Nikavuka migomba na gitaa, nikafungua geti jeusi. Makochi yalikuwa yamefunikwa mashuka. Nikakaa ukingoni mwa kochi moja bila kuondoa shuka, nikachomeka, nikavuta uzi wa chini.

Nyumba nzima iliitika. Vikombe vya kabatini viligongana. Niliondoa mkono haraka kama nimeshika sufuria ya moto. Kisha nikapiga tena, na tena, na nikaingia kwenye wimbo wa baba. Sijawahi kusikika hivyo maishani mwangu. Sauti ilitoka madirishani ikateremka korongoni, mbwa wakaanza kubweka mmoja baada ya mwingine mpaka mbali.

Nilipomaliza niliona mtu getini. Alikuwa bibi jirani, yule anayekaa peke yake ng'ambo ya mfereji wa maji. Alikuwa amejifunga kitenge chake kizuri na kitambaa safi kichwani, kama mtu anayekwenda kusalimia wageni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wamerudi?"

"Hapana bibi. Ni mimi."

Akatazama nyuma yangu, makochi, mashuka. "Nimesikia mziki kwa kaka yako, nikasema wamerudi mapema mwaka huu."

"Nilikuwa najaribu gitaa."

"Ah. Ni wewe." Akakaza fundo la kitenge. "Haya. Funga madirisha, kuna baridi."

Nikamsindikiza kwa macho mpaka akapotea kwenye migomba. Kisha nikachomoa waya.

Desemba walirudi. Wiki moja tu na mlima wetu unakuwa mji: magari yamebanana kwenye njia za kahawa, kila geti liko wazi, watu wanasalimiana kwa kelele toka kihamba hadi kihamba. Dada alishuka garini kwanza, kisha akamtoa mama kwa kumshika kwapani. Mama alikuwa amekonda. Nikasema shikamoo mama. Akanitazama mdomo, akasema, "Eeh?" Nikainama nikasema tena sikioni. "Marahaba, marahaba baba yangu," akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, kwa sababu yeye mwenyewe hajisikii.

Hakutaka kuingia sebuleni. Alikwenda moja kwa moja kwenye jiko lake la nje, akasimama mlangoni.

"Nani amezima moto wangu?"

Hakuna aliyeuzima. Ulizimika siku alipoondoka. Mimi napika kwenye jiko la gesi, chakula cha mtu mmoja hakihitaji kuni. Aliinama kwenye mafiga, akafukua majivu ya zamani, akaagiza kuni. Jioni ile moto ukawaka, na haukuzimika tena. Siku zote jikoni palijaa watu na mtori unachemka. Mama aliona gitaa limeegemea sebuleni, akaliagiza lirudi kwenye msumari wake. "Hapa ndipo pake," alisema. Nikalitundika.

Siku ya kuchinja, kabla ya Krismasi, nililishusha nifanye mazoezi. Nikavuta uzi wa kwanza. Badala ya sauti ukatoka mlio wa nyuki aliyefungiwa chupani. Wa pili hivyo hivyo. Nyuzi zilikuwa zimelala juu ya vyuma vya shingo, zinavigonga. Nikachomeka kwenye sabufa, ikawa vibaya zaidi: spika inachukua kila kitu, na ule mkwaruzo ukawa mkubwa kuliko wimbo.

Kaka alitoka nje ameshika kisu cha kuchinjia. "Hilo ni gitaa au mashine ya kusaga?"

"Sijui limekuwaje. Lilikuwa zima."

"Basi mdogo wangu, usijitese. Jamaa wa mziki ana nyimbo zote. Nitamwambia apige kitu cha kuabudu, wewe ukae na mama." Akanipiga begani kwa mkono usio na kisu. "Si lazima."

Nusura niseme sawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, na lingekuwa jepesi: ningekaa, nisingetazamwa na mtu. Nikaingia jikoni nilirudishe gitaa msumarini. Mama alikuwa anatia chumvi kwenye chungu, anaimwaga kwa vidole, inashuka kavu kama mchanga.

"Sasa inamwagika," aliniambia kwa ile sauti yake kubwa. "Nilipofika niliikuta imelowa, imeshikana kama jiwe. Nyumba isiyo na moto kila kitu kinalowa. Hata ukuta. Hebu shika."

Nikashika ukuta. Ulikuwa mkavu na wa vuguvugu. Nikatazama kopo la chumvi, kisha gitaa.

Ndipo nikaelewa. Mwezi wa saba lilikuwa limelowa. Tangu mama aondoke, moto haukuwaka, na mbao ilikunywa ukungu wetu mpaka kifua cha gitaa kikavimba na kuzinyanyua nyuzi. Mimi nikadhani kizingiti ni kirefu, nikakisugua. Nilikata kizingiti kwa kipimo cha gitaa lililovimba. Sasa limekauka, kifua kimeshuka mahali pake, na kizingiti kimekuwa kifupi. Na kitu ukishakisugua hukirudishi.

Nikatoka nje. Ng'ombe alikuwa ameshalazwa kwenye majani ya migomba, na wanaume wa ukoo wanagawa. Kwetu kila kipande kina mwenyewe, na mgao unakwenda kwa utaratibu na maneno mengi. Nikasogea karibu na kaka. Nikasema ninachotaka. Hakusikia. Nikasema tena, na wote wakageuka.

"Nataka mfupa wa muundi."

"Na nyama yake?"

"Mfupa tu."

"Watu wanagombania nyama, huyu anataka mfupa!" alisema baba mdogo. "Umefuga fisi?"

"Ana mchumba mwenye meno," kaka akasema, na wote wakacheka, lakini alinikatia, akanirushia. Ulikuwa mzito na wa moto.

Niliuchemsha, nikaukwangua, nikauweka darini juu ya moto wa mama ukauke. Kisha nikakata kipande kwa msumeno wa chuma. Mfupa ukikatwa unanuka kama nywele zilizoungua, na watu wote walinikimbia, kwa hiyo nilipata nafasi. Nikaupunguza kwa tupa, kisha nikashusha tena ile picha ukutani, msasa juu ya kioo. Mara hii sikuwa peke yangu nyumbani. Dada alipita na ndoo, akasimama.

"Wewe! Unanisaga usoni?"

"Nasugua tu."

"Nimekaa Dar nikidhani mdogo wangu ananikumbuka, kumbe ananisaga." Akainama, akatazama. "Na baba pia umemjaza unga." Akaufuta kwa ncha ya kanga, taratibu, akaondoka na ndoo yake.

Niliupima mara nyingi. Nilikuwa naenda jikoni, nakalisha kizingiti karibu na moto, navuta uzi, nasikiliza, narudi kusugua. Msugo mmoja, kipimo. Msugo mmoja, kipimo. Nyuki mmoja mmoja akanyamaza.

Siku ya ibada turubai lilijaa mpaka kwenye migomba. Mama alikaa mbele, karibu na kaburi la baba lenye vigae vyeupe, na spika mbili ndefu kuliko mimi zilisimama pembeni yake. Mchungaji alimaliza, kwaya ikaimba, kaka akashika maiki akasema mdogo wake ana jambo. Jamaa wa mziki alinichomekea waya. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikatazama chini, kwenye kizingiti. Kilikuwa cheupe kuliko kitu chochote kwenye gitaa lile.

Nikapiga. Uzi wa pili ulitoka hafifu kidogo, maana nilibakiza kilima mahali, lakini nilijua na niliukaza kwa kidole. Sauti ilikuwa kubwa. Haikuwa kama ya baba hasa, ilikuwa na ukali wa bati ndani yake. Lakini wimbo ulikuwa ule ule. Nikaenda nao hadi mwisho, nikazima nyuzi kwa kiganja.

Watu walianza kupiga makofi, na katikati ya makofi nikasikia sauti ya mama, ile kubwa.

"Hauendi hivyo!"

Makofi yakakatika. Dada akamshika mkono. "Mama, taratibu."

"Nasema hauendi hivyo. Pale katikati. Baba yenu alikuwa anaruka pale, nilimwambia miaka yote hakunisikia. Na huyu naye ameruka pale pale!"

Turubai zima likaangua kicheko. Kaka alicheka mpaka akainama. Mimi nilihisi masikio yanawaka, na nilipoinua macho nikamwona mama ananitazama mimi, siyo mdomo wangu, mikono yangu. Alikuwa amesikia. Alikuwa amesikia hata kisichokuwepo.

"Unaendaje, mama?" niliuliza. Sikupaza sauti, lakini maiki ya kaka ilikuwa karibu.

Aliimba. Alikuwa na sauti ya kizee, imepasuka, na maneno yalikuwa ya Kichagga cha kwao ng'ambo. Kile kipande tusichokijua kilikuwa kifupi, hatua chache tu za kupanda na kurudi. Nikakitafuta kwa kidole kimoja kwenye uzi wa pili, ule ulio hafifu. Nikakosea.

"Rudia," mama akasema.

Nikarudia.

"Rudia. Usikimbie."

Nikarudia, na kikapatikana. Mama akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa chumvi ya kutosha, akageuka kumwuliza dada kama wali umeiva.

Baada ya mwaka mpya waliondoka, mmoja leo, mwingine kesho. Mama aliondoka na dada. Aliniwekea mkono kichwani garini akasema maneno mengi, nami nikajibu, na sijui kama alinisikia. Geti jeusi nikalifunga, ufunguo nikautia mfukoni. Jioni mlima ulikuwa kimya mpaka nikausikia mfereji.

Kwenye simu simpigii gitaa tena. Simu haiwezi. Lakini moto sikuuzima. Kila jioni nawasha kidogo mafiga ya mama, siyo kwa kupika, chakula bado napika kwenye gesi. Nawasha kwa ajili ya gitaa, lisivimbe. Kizingiti cha mfupa kimekatwa kwa kipimo cha nyumba yenye moto, na sina ng'ombe mwingine.

Jioni moja ya mwezi wa pili mlango wa jiko ulisukumwa. Bibi jirani alikuwa na kanga ya nyumbani na kandambili.

"Shikamoo bibi. Hawajarudi," nilisema kabla hajauliza.

"Najua hawajarudi. Nimeona moshi. Nimekuja kuota moto."

Nikamwekea kigoda. Nikashusha gitaa msumarini, bila waya, maana alikuwa karibu, nikapiga wimbo. Alikunja mikono, akaegemea ukuta uliokauka. Nilipofika katikati, pale mahali, nilipunguza mwendo, nikapanda na kurudi bila kuruka. Nikamtazama nione kama amesikia tofauti.

Alikuwa amelala.